Taulo la Bluu Kwenye Kamba

Wazee wetu, majirani, na wafanyakazi wenzake baba mliofika hapa,

Siku ya Jumanne tarehe 11 Juni 2019, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, baba yetu alipovuta pumzi yake ya mwisho katika wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, tuliokuwepo tulikuwa hawa: mama, aliyekuwa ameshika mguu wake wa kushoto kwa sababu ndio uliokuwa ukimsumbua, kaka yangu fundi umeme, mke wake ambaye ni wifi yangu, jirani yetu Mama Mapacha aliyekuja na chupa ya chai, nesi wa zamu ya asubuhi, yule mwenye sauti ndogo, na mimi binti yake, nikiwa nimempakata mwanangu wa miezi tisa. Nawataja wote kwa sababu baba aliwahi kumwambia Mama Mapacha kwamba siku yake ikifika atakuwa peke yake, kwa hiyo ijulikane kwamba hakuwa peke yake.

Baba mdogo aliniomba niandike historia ya marehemu isiyozidi ukurasa mmoja, na alinishauri nikifika kwenye pombe niandike tu kwamba aliugua kwa muda mrefu. Nilimsomea mama jana mchana tukiwa jikoni, naye akasema, "Mwanangu, tumedanganya miaka mingi, usome yote." Kwa hiyo baba mdogo utanisamehe, kurasa zimezidi.

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kioo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo za reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa babu yetu seremala. Alianza shule ya msingi Januari 1969 na kumaliza mwaka 1975, akiwa mzuri sana wa hesabu, na alikuwa akituhadithia kwamba dawati lake lilikuwa chini ya dirisha lisilo na kioo, mvua ikinyesha daftari lake ndilo lililoloa la kwanza, na siku moja mwalimu akamchapa kwa kuleta daftari chafu, akaapa moyoni kwamba akiwa mkubwa ataziba dirisha lile. Mwaka 1977 akaingia karakana ya vioo kama mwanagenzi, mwaka 1980 akawa fundi kamili, na mwaka 1983 akarudi shuleni kwake na tepu, kisu na kopo la puti, ule udongo laini wa kushikizia vioo, akaziba madirisha yote ya darasa lile bila malipo. Mwalimu yule alikuwa bado hai, akamletea kikombe cha maji.

Waliofanya naye kazi wanajua kwamba kioo hupigwa mstari mara moja tu, ukirudia juu ya mstari uleule kinapasuka kinavyotaka chenyewe, na kwamba mkono wa baba wakati huo ulikuwa haurudii. Alipomaliza dirisha alibonyeza kidole gumba kwenye kona ya chini ya puti, kabla haijakauka, na katika mji huu kuna madirisha mengi yenye alama hiyo, ila wenye nyumba hawajui ni ya nani.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa dobi katika bweni la wanafunzi, na siku hiyo madobi wenzake mama walichanga wakawapa mataulo mawili ya bluu, makubwa, manene, ya kufanana. Wakajaliwa watoto watatu: kaka, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1988, dada yetu aliyezaliwa Oktoba 1991 na kufariki akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, na mimi, niliyezaliwa tarehe 19 Januari 1995. Mama ameniambia nisiandike kwamba baba alianza kunywa kwa sababu ya kufiwa na mtoto, kwa maana alianza kabla, na si haki kumtwika marehemu mdogo mzigo ambao si wake.

Alianza kama wanavyoanza wengi, chupa moja na mafundi wenzake siku ya kupokea mshahara, halafu kila Ijumaa, halafu kila siku, na kufikia mwaka 1998 alikuwa anakunywa pombe kali asubuhi ili mkono utulie aweze kukata kioo. Hakuwa mtu mbaya, na wala sisemi hivyo kwa sababu amelala hapa mbele yetu. Lakini akinywa alikuwa anavunja vitu, na baadaye analia juu ya vitu alivyovunja, na sisi tulikuwa tunaogopa kile kilio kuliko kelele. Mwezi Machi 2001 alivunja dirisha la sebuleni kwetu mbele ya rafiki yake kaka, aliyekuwa amekuja naye kutoka shule kufanya hesabu, na kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata nyumba ya fundi vioo ilikaa na kipande cha boksi dirishani.

Wiki ile ile mama alituita mimi na kaka, mimi nikiwa na miaka sita na yeye kumi na miwili, akatuambia kitu ambacho tulikishika kuliko masomo ya shule: "Mkifika kwenye kona, tazameni kamba ya nguo. Mkiliona taulo la bluu, njooni nyumbani. Msipoliona, msije, piteni moja kwa moja kwa Mama Mapacha." Hakutueleza zaidi, na hatukuuliza. Mama Mapacha naye, ambaye wakati huo watoto wake walikuwa bado wananyonya, hakutuuliza kitu hata siku moja, alikuwa anasogea tu kwenye mkeka na kusema, "Ingieni, leteni mikono nioshe," na siku nyingine akitupa mtoto mmoja mmoja tumshike, ili tujione tumekuja kusaidia. Nimekuwa mama sasa, ndio naelewa kwamba mikono yetu haikuwa michafu kila siku.

Mtaa mzima ulijua habari ya taulo. Muuza duka alikuwa anatuona tunatoka shule anatupungia, "Leo hali ya hewa nzuri, nendeni," au anatikisa kichwa tu, nasi tunajua. Wateja wa baba walijua, mleta barua alijua, na hata watoto wenzetu walitutania, "Kwenu leo mvua au jua?" Asiyejua alikuwa mmoja tu, mwenye nyumba, baba mwenyewe.

Nasi tulijifunza kusema uongo bila kutafuta maneno. Msimamizi wa karakana akija kuulizia, mama anasema ana homa, kaka anasema amekwenda kwenye msiba, mimi nasema amelala, na tulikuwa tunapeana zamu ili homa zisizidi. Baba alifukuzwa kazi tarehe 30 Septemba 2006, baada ya kukata vioo themanini vya shule kwa kipimo kisicho sahihi, na msimamizi yule, ambaye yuko hapa amekaa mstari wa pili, siku ile alimwachia baba vifaa vyake vyote akisema vimechakaa, na havikuwa vimechakaa. Mama akachukua zamu mbili bwenini, mimi nilipomaliza darasa la saba mwaka 2008 nikabaki nyumbani, na kaka akahama alipopata kazi yake ya kwanza ya umeme, akiwa na miaka ishirini. Aliondoka na begi moja, akaniachia redio yake. Baba akawa anafanya vibarua vya madirisha, nami namshikia kioo.

Tarehe 12 Novemba 2011 mkono wake ulitetemeka, kioo kikateleza, kikanichana kiganja hiki cha kulia. Alinibeba mpaka zahanati, na nesi aliyekuwa akinishona akauliza ni nani aliyekuwa ameshika upande wa pili, nami nikajibu hata kabla hajamaliza, "Nilikuwa peke yangu, nimejikata mwenyewe." Baba alikuwa amesimama mlangoni. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza swali moja tu, "Nani alikufundisha kusema haraka hivyo?" na hakuna aliyenifundisha.

Ningependa kusema kwamba aliacha siku ile, lakini hakuacha. Aliacha tarehe 3 Februari 2012, alipojiunga na kikundi cha walioacha pombe waliokuwa wakikutana kwenye ukumbi wa nyuma ya maktaba, akaanguka mara moja mwezi Mei, na tarehe 20 Mei 2012 ndiyo mara ya mwisho pombe kugusa mdomo wake, mpaka anafariki. Ni miaka saba na siku ishirini na mbili. Nayasema haya kwa sababu jana nilisikia watu wawili langoni wakiambiana kwamba pombe imemwondoa, na daktari ametueleza kwamba ini liliharibika zamani, ni kweli, lakini aliyekufa Jumanne hakuwa mlevi.

Alitoa boksi dirishani siku hiyohiyo ya mwezi Mei, akakata kioo kipya. Lakini nyumba yenyewe haikujua kwamba mambo yamebadilika. Sisi tulikuwa tumezoea kunyamaza akiingia, kukusanya vikombe, kila mtu kukumbuka kazi aliyoiacha uani, na tuliendelea hivyohivyo bila kukusudia. Akarudi akawa mzima, akakuta chumba kitupu na viti vyenye joto. Baada ya muda akaanza kukohoa nje ya mlango kabla hajaingia, kikohozi cha kujilazimisha, kututaarifu, ili tupate nafasi ya kuondoka. Mtu anakohoa mlangoni kwake mwenyewe. Na mama aliendelea kutundika taulo kila asubuhi, kwa mazoea, wala hakumwambia.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 2013 kaka alikuwa amlete mchumba wake nyumbani kwa mara ya kwanza, saa tisa alasiri. Ilimchukua mama miezi mitatu kumshawishi kaka. Baba alipiga pasi shati lake mwenyewe, akaazima tai kwa muuza duka, akapika yeye, akapanga sahani sita mezani ingawa tulikuwa watano, akisema huenda mgeni akaja na mdogo wake. Mama alikuwa zamu ya asubuhi, mimi nilikwenda kununua soda. Saa nane na nusu wingu likatanda, na baba, mume mwema ambaye hataki nguo za mkewe ziloe, akatoka uani akaanua kila kitu kwenye kamba, akakikunja vizuri, akakiweka kabatini.

Mimi ndiye niliyefika kwanza kwenye kona. Niliona kamba tupu, na ndugu zangu, nilikuwa na miaka kumi na minane, nilikuwa nimeishi naye mwaka mzima bila tone la pombe, nilikuwa nimetoka nyumbani nusu saa iliyopita nikimwacha anapuliza jiko, lakini miguu yangu ilikata kona yenyewe ikanipeleka kwa Mama Mapacha na soda zangu mkononi. Baada ya dakika kumi mama naye akaingia, akakaa kando yangu. Kaka alifika kwenye kona na mchumba wake amevaa gauni jipya, akaitazama kamba, akamwambia yule binti kwamba baba amesafiri ghafla, akamgeuza akamrudisha kwao.

Saa kumi na nusu pacha mdogo, binti wa Mama Mapacha, alikwenda kwetu kuomba chumvi, akarudi mbio. "Mama, Mzee Kioo amevaa tai! Amekaa mezani peke yake, ananiuliza wageni wako wapi." Mama Mapacha akamuuliza amemjibu nini. "Nimemwambia si hakuna taulo. Akaniuliza, taulo gani? Nikamwambia, taulo lile, Mzee, la kwamba umelewa." Mama aliinuka akatoka bila viatu.

Tulimkuta amelikunjua taulo kutoka kabatini, ameliweka magotini. Hakupiga kelele. Alimuuliza mama, "Tangu lini?" Mama akasema, "Tangu mwaka elfu mbili na moja." Akauliza, "Na mleta barua anajua?" Mama akasema anajua. Akauliza kuhusu muuza duka, na msimamizi, na mmoja baada ya mwingine, mama anaitikia kila jina, na mwisho akasema, "Kumbe mlikuwa mnasalimiana nalo," akavua tai, akaanza kurudisha chakula kwenye sufuria, sahani moja baada ya nyingine.

Mama alimpigia simu kaka kumweleza kwamba baba ni mzima, ni nguo tu zimeanuliwa kwa sababu ya mvua. Kaka akamjibu, "Mama, siku zote unasema ni homa." Akakata. Hatumlaumu. Aliomba ukweli akiwa mtoto tukampa homa, na siku tuliyokuwa na ukweli mkononi haukufanana na ukweli. Alifunga ndoa Desemba mwaka huo, baba mdogo akasimama mahali pa baba.

Kesho yake, Jumapili tarehe 18 Agosti 2013, saa kumi na mbili asubuhi, baba alitoka uani akatundika taulo mwenyewe. Akatundika Jumatatu, na Jumanne, na tangu siku hiyo mpaka alipolazwa, miaka mitano na miezi tisa, kila asubuhi alilitundika kwa mkono wake, mvua na jua, na jioni akaliingiza. Muuza duka alimtania, "Mzee Kioo, siku hizi wewe ndiye mtangazaji wa hali ya hewa?" Naye akajibu, "Nani tena anaijua kuliko mimi? Leo jua, kijana, na kesho jua." Walicheka wote wawili, lakini mimi niliyekuwa nafagia niliona kwamba kila baada ya kutundika anasimama kidogo, anatazama kule kwenye kona.

Alichokuwa anangoja ni kitu kimoja, mwanawe aje mpaka ndani. Kaka alikuwa anakuja kumwona mama, ila anasimama langoni na kupiga simu atoke nje. Siku moja mama alimwonyesha kamba, akasema, tazama, baba yako ndiye anayetundika, na kaka akasema, "Mlevi naye ana mikono, mama, anaweza kutundika." Baba alikuwa nyuma ya mlango. Jioni alimwambia mama, "Amesema kweli, anaweza," na asubuhi akalitundika.

Mwaka 2014 msimamizi alimrudisha karakanani, kwanza kupaka puti tu, na baadaye kukata. Mimi niliolewa mwaka 2017, na baba ndiye aliyenisindikiza, mkono wake haukutetemeka. Septemba 2018, wiki niliyojifungua, miguu yake ilianza kuvimba. Tarehe 27 Mei 2019 alilazwa. Aliomba kitanda cha dirishani, akakagua dirisha, akamwambia nesi, "Puti hii si yangu, huyu alikuwa anawahi chakula," na tangu siku hiyo manesi wakawa wanamwita Mkaguzi.

Kila nilipokwenda kumwona alikuwa ananiuliza, "Taulo nani anatundika?" Nami nikamjibu palepale, "Mama." Haikuwa kweli, mama alikuwa analala kwenye benchi la hospitali, kamba ilikuwa tupu siku zote zile. Baba alikishika kiganja changu cha kulia, akapitisha kidole kwenye kovu, akasema, "Haya." Nadhani alijua. Hilo ninaliungama mbele yenu.

Jumapili tarehe 9 Juni, saa za kutazama wagonjwa, nilisikia mtu anakohoa nje ya mlango wa wodi. Kikohozi kilekile, cha kujilazimisha. Baba akafumbua macho, akasema, "Ingia, mwanangu, hapa hakuna haja ya kukohoa." Kaka akaingia, na nyuma yake wifi, ambaye baba alikuwa hajawahi kumwona kwa karibu hata siku moja. Baba alimtazama, akajaribu kujiinua, akamwambia, "Karibu, mkwe. Ila chakula kimepoa." Wifi alicheka mpaka akalia, akakaa kitandani, akamlisha uji aliokuwa amekataa tangu asubuhi. Kaka hakuomba msamaha, baba naye hakuomba, walizungumza juu ya puti ya dirisha na nyaya za taa za wodi, nani kafanya ovyo zaidi, mpaka muda ukaisha. Na kaka alirudi Jumatatu, na Jumanne alikuwepo.

Tunawashukuru madaktari wa wodi ya wanaume, na yule nesi wa sauti ndogo aliyekuwa akimgeuza baba huku akimweleza kwanza kwamba anamgeuza. Tunawashukuru mafundi wa karakana na msimamizi wao, madobi wa bweni, wanakikundi wa ukumbi wa maktaba ambao hawapendi kutajwa na ambao wamekaa pamoja kule nyuma, muuza duka, na jirani zetu wote mliojua na mkatupa njia bila kutuaibisha. Mama Mapacha, hatuna neno. Mikono yetu ni safi kwa sababu yako.

Baba, kazi umeimaliza, lala salama, na ukiingia huko unakokwenda usikohoe mlangoni.

Jana asubuhi, saa kumi na mbili, viti vya wageni vikiwa bado havijaletwa, kaka alifungua kabati, akatoa taulo la bluu, akatoka uani akalitundika kwenye kamba. Mvua ya jana mchana ilililowesha, na hakuna aliyelianua.